Kwenda Lofoten kutazama mwanga wa kaskazini: hesabu mawingu kabla ya kuhesabu fedha

#1 Msafiri wa Kaskazi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu waliosoma maoni yangu kuhusu Norwe, na karibu wote huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: ni wapi na ni lini mtu aende ili auone kwa macho yake ule mwanga wa kaskazini ambao wanasayansi huuita aurora. Nimeona ni heri niandike mara moja na kwa urefu kuhusu visiwa vya Lofoten, vilivyo kaskazini mwa Norwe, ambavyo nimefika mara mbili, kuliko kuendelea kumjibu kila mtu nusunusu.

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Nilipokuwa mwanafunzi Trondheim nilipanda treni ya Bodø katika wiki ya pili ya Februari, safari ya takribani saa kumi, kisha nikachukua boti ya abiria iendayo kasi hadi Svolvær, mji wa Lofoten, nikiwa na siku tatu tu za kukaa. Programu ya simu ilinionyesha kwamba kipimo cha Kp, kinachoonyesha jinsi uga wa sumaku wa dunia ulivyochafuka, kimefika 5, yaani dhoruba ya sumaku, nami nikajiona mwenye bahati kuliko wote. Siku zote tatu theluji iliyochanganyika na mvua ilinyesha pasipo kukatika, na nikarudi Trondheim bila kuona hata nyota moja. Mara ya pili nilikwenda mwishoni mwa Februari kwa siku saba, nikauona mwanga siku mbili: ya kwanza kwa dakika arobaini hivi, na ya pili kuanzia saa mbili usiku hadi nilipochoka mwenyewe nikaenda kulala. Jua halikuwa na lolote la kufanya na tofauti hiyo. Nilikuwa nimeongeza siku, basi.

Ili mjue kwa nini nasema hivyo, lazima nieleze kidogo jinsi mwanga huu unavyotokea. Chembe zenye umeme zinazosafiri kutoka kwenye jua hunaswa na uga wa sumaku wa dunia, zikaelekezwa kwenye maeneo ya ncha na kugonga hewa ya juu. Oksijeni iliyo kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hutoa rangi ya kijani, ambayo ndiyo huonekana zaidi. Oksijeni iliyo juu ya kilomita 200 hutoa wekundu. Na naitrojeni hutia zambarau na waridi kwenye pindo la chini. Mwanga huo haukai juu ya ncha yenyewe, umekaa kama pete kubwa inayoizunguka ncha ya sumaku, na Lofoten, iliyo kwenye latitudo ya nyuzi 68 kaskazini, iko chini ya pete hiyo au pembeni yake kidogo hata katika usiku ambao jua limetulia. Kwa hiyo Kp ya 1 au 2, ambayo kwa mtu aliye Ujerumani si kitu, huko inatosha ikiwa anga ni safi. Anayeahirisha safari ya Lofoten kwa kungoja dhoruba kubwa ya jua ni sawa na mtu wa Bagamoyo anayengoja bamvua ndipo ashuke pwani kunawa miguu.

Kinachomnyima mtu ni mawingu. Mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka Atlantiki hupita karibu na visiwa hivi, na kwa sababu hiyo wastani wa joto la Januari ni karibu na nyuzi 0 tu, jambo la ajabu kwa mahali palipo juu ya Mstari wa Aktiki. Watu hufurahia habari hiyo wakidhani wamepona baridi. Ukweli ni kwamba bahari hiyohiyo yenye joto hutoa mvuke mwingi, milima iliyosimama wima kutoka majini huudaka, na anga hufungwa kwa siku kadhaa mfululizo. Nasema wazi, hata kama nitawaudhi wapenzi wa visiwa: anayetaka mwanga tu, asiyejali kingine chochote, aende Abisko upande wa Uswidi, kijiji kilicho nyuma ya milima inayozuia mvua, ambapo baridi ni kali zaidi lakini anga huwa wazi mara nyingi zaidi. Lofoten ni ya mtu anayetaka kuuona mwanga ukiakisiwa na bahari, akiwa katikati ya vijiji vya wavuvi, na aliye tayari kulipa kwa siku za ziada.

Kuhusu miezi: mwanga huweza kuonekana tangu mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili, yaani wakati wowote ambapo usiku una giza la kutosha. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari jua halichomozi kabisa katika visiwa hivi, ingawa adhuhuri kuna saa chache za mwanga wa samawati unaotosha kutembea. Baada ya hapo mchana hurudi kwa kasi ambayo sisi wa ikweta hatujawahi kuiona, karibu saa moja kila wiki. Ushauri wangu ni kuanzia katikati ya Februari hadi wiki ya tatu ya Machi: usiku bado ni mrefu, mchana unatosha kuona mahali ulipofika, na karibu na tarehe ambapo usiku na mchana hulingana, uga wa sumaku wa dunia hupokea upepo wa jua kwa urahisi zaidi, hivyo mianga mikubwa huongezeka. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa saba usiku, japokuwa niliyoiona siku ile ya pili ilianza mapema zaidi.

Mahali pa kulala, tafuteni nyumba za wavuvi ziitwazo rorbu, zilizojengwa kwa mbao juu ya nguzo kandokando ya maji. Inasimuliwa kwamba mfalme Øystein ndiye aliyeamuru za kwanza zijengwe Vågan, karibu na Svolvær ya leo, mnamo mwaka 1120 hivi, ili wavuvi waliotoka mbali wasilale chini ya mashua zilizopinduliwa. Siku hizi nyingi zinakodishwa kwa wageni, zina jiko, na wanne wakichangia nyumba moja na kujipikia, gharama hushuka sana, kwa kuwa chakula cha mgahawani Norwe kinauma. Chukueni unga wenu wa sembe. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo msijaribu kufungasha nyama kavu.

Viza sitaifafanua sana kwa sababu kila mtu ana hali yake. Norwe si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe hadi zikabaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Na bima ya safari ni lazima igharimie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Kodini nyumba ambazo oda yake inakubali kufutwa bila faini mpaka viza itoke. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi mtu hupitia Doha, Istanbul au Amsterdam hadi Oslo, kisha akaruka hadi Bodø au Evenes. Kutoka Bodø kuna ndege ndogo za mapangaboi hadi Svolvær na Leknes, pamoja na kivuko cha Moskenes ambacho huchukua zaidi ya saa tatu na ambacho husitishwa dhoruba ikizidi. Kutoka Evenes kuna barabara hadi mwisho wa visiwa, kwa maana tangu mwaka 2007 Lofoten imeunganishwa na bara kwa madaraja na mahandaki.

Karibuni kwa maswali.

#2 Binti Pangani

Kaka Msafiri, nakushukuru kwa maelezo haya. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga kwenda wiki ya Krismasi kwa siku tano, kwa sababu ndiyo likizo pekee ambayo sote wawili tunaipata kwa pamoja. Sasa umenitia wasiwasi. Je, unadhani tukienda Desemba tutakuwa tumetupa fedha? Na la pili, sisi ni Waislamu. Mahali ambapo jua halichomozi, mtu anaswali kwa hesabu gani?

#3 Msafiri wa Kaskazi

Dada, hamtakuwa mmezitupa, ila mtakuwa mmecheza bahati nasibu. Desemba ina giza refu kuliko miezi yote, na mwanga unaweza kutokea hata saa kumi na moja jioni mkiwa mnapika. Lakini pia ni miongoni mwa miezi yenye dhoruba nyingi zitokazo kusini magharibi, maduka na migahawa mingi hufungwa tangu mchana wa tarehe 24, na mabasi na vivuko hupunguza safari. Siku tano katika hali hiyo ni chache. Kama likizo haibadiliki, basi gawanyeni: siku tatu Lofoten na siku mbili Abisko, ili mkose kote kwa bahati mbaya tu na si kwa uzembe wa mpango. Barabara ya E10 huanzia kijiji kiitwacho Å, kwenye ncha ya Lofoten, ikapita Svolvær hadi karibu na Narvik na kuingia Uswidi kupitia Abisko. Kuna basi hadi Narvik, na kutoka Narvik kuna treni. Hakuna viza nyingine inayohitajika kwa kuwa nchi zote mbili zimo Schengen.

Kuhusu swala, mimi si mwanachuoni, nitasema nililoliona. Waislamu wanaoishi kaskazini mwa Norwe hukabiliana na suala hili kila mwaka, na katika majira ambayo jua halichomozi au halizami wapo wanaofuata saa za Makka na wapo wanaofuata za mji ulio karibu wenye mchana na usiku. Muulizeni shehe wenu kabla ya kuondoka ili mwende na jibu moja. Mkienda Februari suala lenyewe linaondoka, kwani jua huchomoza na kuzama. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mfungaji atakayekuwa Lofoten siku hizo za mwanzo atakuta mchana wa takribani saa saba tu. Futari yake itakuwa kabla hata chai ya jioni ya Pangani haijachemka.

#4 Mwalimu wa Fizikia

Naomba niongeze mambo mawili kwenye maelezo mazuri ya mwenye uzi.

La kwanza ni kuhusu wasiwasi unaoenea kwamba kilele cha jua kimeshapita na kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri tena. Ni kweli kwamba shughuli za jua hupanda na kushuka katika mzunguko wa takribani miaka 11, na kwamba mwezi Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba mzunguko wa sasa umefikia kipindi chake cha juu. Dhoruba ya Mei 2024 ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanga ulionekana katika nchi ambazo kwa kawaida hazina habari nao. Hata hivyo, kipindi cha kushuka kina faida yake: kwenye jua hujitokeza maeneo ambayo upepo wake hutoka kwa kasi, na kwa kuwa jua hujizungusha kwa takribani siku 27 likitazamwa kutoka duniani, eneo moja huweza kutuelekea tena na tena. Ukiona usiku uliochangamka leo, una sababu ya kutazamia mwingine baada ya siku 27. Ni hesabu isiyo na uhakika kamili, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

La pili ni la heshima kwa aliyetufumbulia jambo hili. Kristian Birkeland, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1867, alipeleka watu kwenye vilele vya milima ya kaskazini wakati wa baridi kali kupima sumaku, akatengeneza tufe dogo lenye sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akalirushia miali ya elektroni na kupata pete za mwanga kuzunguka ncha zake. Wenzake wengi walimkataa hadi satelaiti zilipomthibitisha miaka ya 1960 na 1970, yeye akiwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1917. Wachache wanajua kwamba alifika pia Sudan na kuishi Misri akichunguza mwanga mwingine wa anga. Kwa muda mrefu sura yake ilikuwa kwenye noti ya kroner 200. Anayekwenda Lofoten na kupata siku ya ziada apande hadi Andøya, kisiwa cha Vesterålen kilicho kaskazini yake, ambako tangu mwaka 1962 hurushwa roketi za kuchunguza anga hilihili.

#5 Kijana wa Gikomba

Shukrani kwa wote waliotangulia. Nauliza kutoka Nairobi. Je, nguo za baridi ninunue huku au huko? Na je, ninaweza kukodi gari na kuendesha mwenyewe kwa leseni yangu ya Kenya? Nimeendesha gari Limuru kwenye ukungu mzito, sidhani kama theluji itanishinda.

#6 Msafiri wa Kaskazi

Ndugu yangu, ukungu wa Limuru haukuteremshi mtaroni ukiwa umekanyaga breki. Barafu hufanya hivyo. Zaidi ya hayo, sisi wa Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto, na Norwe ni kulia. Changanya upande mgeni, giza, barabara nyembamba inayopindapinda kati ya mlima na maji, na upepo unaoisukuma gari kwenye daraja, ndipo uamue. Magari ya kukodi wakati wa baridi huwa na matairi ya theluji, na katika mkoa ule yale yenye misumari huruhusiwa hadi mwisho wa Aprili, kwa hiyo yaombe hayo kwa jina. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe; uliza pia kwa maandishi kama leseni yako inakubalika peke yake au wanataka na kibali cha kimataifa.

Ukiendesha, shika jambo moja kuliko yote: usisimamishe gari barabarani kwa sababu umeuona mwanga. Wageni hufanya hivyo kila msimu, huzima taa ili picha zitoke vizuri, na lori la samaki hutokea kwenye kona. Ingia kwenye maegesho. Pwani za Uttakleiv, Haukland na Skagsanden zina mahali pa kuegesha, na Uttakleiv na Skagsanden zimefunguka kuelekea baharini upande wa kaskazini.

Nguo nitamwachia mwenye ujuzi zaidi, lakini kanuni ni kwamba pamba isiguse ngozi. Pamba hunywa jasho na kubaki nalo; sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Nyuzi 0 za Lofoten zenye upepo wa baharini zilinitesa kuliko nyuzi 15 chini ya sifuri nilizozizoea Trondheim zisizo na upepo.

#7 Mpagazi Mstaafu wa Marangu

Wakuu, hapo kwenye nguo nina la kusema, kwani nimepanda Kilimanjaro zaidi ya mara mia nikiwa na mizigo ya watu. Usiku wa kwenda kileleni kule kwetu hauna tofauti kubwa na hicho mnachokieleza, ila kwetu mtu anatembea na damu inachemka, nanyi mtakuwa mmesimama mkitazama juu. Kusimama ndiko kunakoua. Vaeni kana kwamba baridi ni kali mara mbili ya ile iliyotangazwa.

Moshi na Arusha kuna maduka yanayokodisha na mengine yanayouza vifaa vilivyotumika: majaketi ya manyoya, suruali za kuzuia upepo, soksi za sufu, glavu za tabaka mbili. Kwenye mitumba ya Karume na hapo Gikomba anakotoka ndugu yetu, majaketi mazito hupatikana kwa bei ya kutupa kwa sababu wateja wa joto hawayataki. Nunueni huko, fueni, safirini. Jambo ambalo hamtalipata huku ni zile meno za chuma za kuvalisha kwenye soli ya kiatu. Hizo nunueni siku mnayotua, kabla hamjatembea hata kwenda dukani. Nilimsindikiza mgeni mmoja wa Norwe aliyeniambia kwamba kwao watu huvunjika nyonga wakienda kuchukua gazeti.

Na viatu viwe vikubwa kwa namba moja. Kiatu kinachobana hakina joto.

#8 Mkaazi wa Tromsø

Nimeishi kaskazini mwa Norwe kwa miaka mingi na nimefurahi kuona uzi wa namna hii kwa Kiswahili. Nakubaliana na mwenye uzi kwa mengi, ila napingana naye kidogo kuhusu gari. Kwa mtu anayetoka moja kwa moja Afrika Mashariki na hajawahi kukanyaga barafu, ningependekeza asikodi kabisa, alipe waongoza wageni kwa usiku wawili au watatu. Wao ndio wanaojua upande gani wa mlima utafunguka. Masharti ni kwamba msilipie usiku wowote mapema mno: mara nyingine mtu hulipia usiku wa Jumanne miezi mitatu kabla, Jumanne inafika na mvua, na kampuni inampeleka hivyohivyo kunywa chai ya moto kwenye giza. Yamemkuta ndugu yangu, na fedha hazikurudi. Ulizeni kabla: je, mawingu yakijaa mnaahirisha, mnarudisha, au mnakwenda tu?

Kuhusu kusoma hali ya hewa, kwa kuwa wengi wenu ni watu wa pwani mnaojua tofauti ya kaskazi na kusi, mtaelewa haraka. Upepo wa kusini magharibi ukileta mvua ya mfululizo, laleni, hakuna mtakachokiona. Upepo wa kaskazini magharibi huleta manyunyu ya theluji yanayopita kwa vipindi, na kati ya kipindi na kipindi anga hufunguka kwa robo saa au nusu saa. Usiku wa namna hiyo huvunja moyo wageni wakaingia ndani, kumbe mwanga mzuri hutokea hapohapo. Upepo wa mashariki kutoka bara ni mkavu na wa baridi, nao ndio baraka. Tazameni tovuti ya yr.no, ambayo huendeshwa na taasisi ya hali ya hewa ya Norwe pamoja na shirika la utangazaji la taifa, na msiishie kwenye kichoro cha jua na wingu. Fungueni sehemu inayotenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Mawingu mepesi ya juu hupitisha mwanga. Ya chini hayapitishi kitu. Hali ya barabara na vivuko mtaiuliza kwa simu namba 175, na gari la wagonjwa ni 113.

Jambo dogo la mwisho. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, wana desturi ya kutoupigia mwanga mluzi. Kwetu wazee walitukataza kupiga mluzi usiku tusije tukaita nyoka, kwa hiyo nilipoelezwa hapa sikuona ugeni wowote.

#9 Mzee wa Kamera

Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyetaja macho. Mseme ukweli: jicho la binadamu halioni rangi vizuri gizani. Mwanga dhaifu huonekana kama utando wa kijivu unaofanana na wingu jembamba, na wengi huupita bila kuujua. Kamera ndiyo inayouonyesha kijani iliyokolea, na picha mnazoziona mitandaoni zimekusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Ukipata nguvu ndipo jicho huona kijani na hata waridi, na hapo unakwenda kwa kasi.

Mkiwa na shaka kama ni wingu, elekezeni simu juu kwa hali ya kupiga picha za usiku: ikitoka kijani, ni wenyewe. Kwa kamera, wekeni lenzi kwenye uwazi wa f/2.8 au ulio karibu, ISO kati ya 1600 na 3200, sekunde 5 hadi 15, mkipunguza sekunde mwanga unapokimbia ili mikunjo yake isifutike. Kamera isimame kwenye miguu mitatu, na lenzi ilengwe kwa mkono kwenye nyota. Betri huisha upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba ikae mfukoni karibu na mwili. Mkirudi ndani, acheni kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto polepole, la sivyo unyevu utaganda ndani ya lenzi.

Na msiukimbie mwezi. Mwezi mchanga hutoa giza zuri, lakini mwezi mpevu huangaza milima yenye theluji, picha ikawa na ardhi na si anga tupu. Mwaka 2027 mwezi utaandama karibu na tarehe 6 Februari na tarehe 8 Machi, na utakuwa mpevu tarehe 20 Februari.

#10 Kijana wa Gikomba

Nimenyenyekea kuhusu gari. Swali moja zaidi kwa wakubwa: kama lengo ni kwenda mbali kaskazini, kwa nini tusiende moja kwa moja Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo mbali zaidi kaskazini? Nyuzi 78 si bora kuliko 68?

#11 Msafiri wa Kaskazi

Wengi hufikiri hivyo, ndugu yangu, na ndiyo maana nilitaja ile pete. Usiku, Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, huwa upande wa ndani wa pete, yaani umeipita, na mianga mizuri ya usiku huwa kusini yake, juu ya Tromsø na Lofoten. Svalbard ina upekee wake: kati ya katikati ya Novemba na mwisho wa Januari kuna giza la saa 24, na adhuhuri visiwa hivyo hupita chini ya sehemu ya pete inayotazama jua, ambapo huweza kuonekana aurora ya mchana, mara nyingi nyekundu na hafifu. Wanasayansi huifuata hiyo kwa shauku. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, nje ya mji huruhusiwi kutembea ovyo kwa sababu ya dubu weupe, unahitaji mwongozaji mwenye silaha, na bei ya kila kitu ni ya juu kuliko ya Lofoten.

Kuna na mtego wa viza. Svalbard haimo Schengen. Ukitoka Oslo kwenda huko umetoka nje ya Schengen, na ukirudi unaingia tena, hivyo viza ya kuingia mara moja itakuacha umekwama. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Visiwa vya Faroe navyo vina utaratibu wao: viza ya Denmark ni lazima iandikwe wazi kwamba inatumika huko. Shetland ni Uingereza, viza nyingine kabisa, na kwa kuwa iko nyuzi 60 tu, huko ndiko mtu anakohitaji kweli kungoja dhoruba.

Mchana mtafanya nini? Kuanzia Januari hadi Aprili samaki aina ya chewa wa Aktiki hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai Lofoten, na tangu Februari mtawakuta wameanikwa kwa maelfu kwenye chanja za mbao. Ni ng'onda wa kwao, lakini hawatiwi chumvi wala hawakaushwi kwa jua, ni upepo wa baridi peke yake unaofanya kazi hadi Mei. Minofu huuzwa zaidi Italia na vichwa husafirishwa Nigeria kupikiwa mchuzi. Ukipita hapo siku ya upepo utajua umefika.

#12 Binti Pangani

Kaka Msafiri na ndugu wengine, tumezungumza na mume wangu jana usiku. Ameomba likizo yake ihamishwe, na mwajiri amekubali siku tisa kuanzia tarehe 26 Februari. Tutafunga tukiwa huko. Tumekusudia siku sita Lofoten bila kukodi gari, tukae kijiji kimoja, kisha basi na treni hadi Abisko siku mbili. Waongoza wageni tutawatafuta tukishafika, tukishaona upepo unatoka wapi. Kuna lolote tulilosahau?

#13 Msafiri wa Kaskazi

Mpango ni mzuri, dada. Mkiikodi nyumba, ulizeni dirisha au baraza inaelekea wapi, na kama kuna taa ya barabarani mbele yake. Mkipata inayotazama kaskazini penye giza, mmoja wenu anaweza kuchungulia kila nusu saa akiwa na kikombe mkononi, na mwingine akalala hadi wakati wa daku. Na chukueni kigeuzi cha plagi. Zao ni za miguu miwili ya duara.

#14 Mkaazi wa Tromsø

Kwenye tarehe hizo mwezi utakuwa unapungua na kuchelewa kuchomoza, kwa hiyo giza mtalipata tangu jioni. Nitumie ujumbe mkifika Narvik, dada. Kama kazi zangu zitaruhusu nitawatazamia mawingu ya Abisko kabla hamjapanda treni.